Homoni Isiyoogopa Joto: Jinsi Kipande Kidogo cha Molekuli Kinavyoweza Kumwokoa Mzazi

Mtoto akishatoka tu, mkunga hufanya jambo moja ambalo akina mama wengi hata hawalikumbuki baadaye. Ndani ya dakika moja hivi, anamchoma mama sindano pajani. Ukiuliza mtaani, utaambiwa ni sindano ya kutuliza maumivu, au ya kumpa nguvu. Siyo. Ni homoni, na kazi yake ni kuhakikisha mama huyo hamwagi damu mpaka kupoteza maisha.

Kwa muda mrefu homoni hiyo imekuwa oksitosini. Ni dawa nzuri, ya bei nafuu, inayofahamika dunia nzima. Ila ina udhaifu mmoja mkubwa: haipendi joto. Na sisi, kama unavyojua, joto tunalo na umeme unakatika. Makala hii inaeleza wanakemia walivyoichukua homoni hiyo, wakairekebisha kidogo tu, wakapata dawa inayovumilia joto. Inaeleza pia kwa nini dawa hiyo mpya haiwezi kuchukua nafasi ya ile ya zamani kila mahali. Twende taratibu.

Kwa nini mji wa mimba lazima ubane

Mimba inapofika miezi tisa, mji wa mimba unapokea damu nyingi ajabu: kiasi cha nusu lita au zaidi kila dakika. Damu hiyo inamlisha mtoto kupitia kondo la nyuma. Sasa fikiria kondo hilo linapobanduka baada ya mtoto kuzaliwa. Mishipa yote iliyokuwa ikilipelekea damu inabaki wazi, kama mabomba yaliyokatwa.

Mwili una njia ya kufunga mabomba hayo. Misuli ya mji wa mimba imesukwa ikipishana huku na huku, na mishipa ya damu inapita katikati yake. Misuli ikijikaza, inaiminya mishipa na damu inapungua. Mkunga akipapasa tumbo la mama baada ya kujifungua, anatafuta hilo: mji wa mimba uwe mgumu. Ukiwa laini na umelegea, ni hatari. Kulegea huko ndiko chanzo kikuu cha kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua.

Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba tatizo hili lilikuwa likiua wanawake wapatao 70,000 kila mwaka, wengi wao katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Na linaua haraka. Mama aliyekuwa anaongea vizuri anaweza kuwa amepoteza fahamu kabla gari la wagonjwa halijawashwa.

Anayeiamrisha misuli hiyo ijikaze ni oksitosini.

Kutoka kwa paka hadi Tuzo ya Nobel

Mwaka 1906, mtafiti Mwingereza Henry Dale aliona kwamba majimaji yaliyokamuliwa kutoka sehemu ya nyuma ya tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, yalifanya mji wa mimba wa paka ujikaze. Haikuchukua miaka mingi madaktari wakaanza kuwatumia wazazi majimaji ya namna hiyo yaliyotoka kwa wanyama. Shida ni kwamba yalikuwa mchanganyiko. Pamoja na oksitosini, ndani yake kulikuwa na homoni nyingine inayopandisha shinikizo la damu.

Suluhisho lilikuja mwaka 1953. Mwanakemia Mmarekani Vincent du Vigneaud na wenzake walifumbua umbo kamili la oksitosini, kisha wakaitengeneza wenyewe maabara. Hiyo ilikuwa homoni ya kwanza ya jamii ya peptidi kutengenezwa na binadamu, na mwaka 1955 du Vigneaud alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia.

Umbo lenyewe ni dogo sana. Ni amino asidi tisa tu, zimepangwa kama shanga kwenye uzi. Shanga ya kwanza na ya sita zimeunganishwa kwa daraja la atomu mbili za salfa, hivyo sehemu ya mbele inajikunja na kuwa pete, na shanga tatu zilizobaki zinaning'inia kama mkia. Pete hiyo na mkia wake ndivyo vinavyoingia kwenye kipokezi kilicho juu ya seli za misuli, kama ufunguo kwenye kitasa.

Nakala ni kitu kimoja, analogi ni kingine

Hapa watu wengi wanachanganya, kwa hiyo tusimame kidogo.

Oksitosini iliyopo hospitali imetengenezwa kiwandani, lakini molekuli yake ni ileile ya mwilini, atomu kwa atomu. Hiyo ni nakala. Mwili hauna namna ya kuitofautisha na ya kwake.

Analogi ni tofauti. Ni molekuli iliyofanana na homoni kiasi cha kuingia kwenye kitasa kilekile, lakini imebadilishwa mahali fulani makusudi. Sehemu inayogusa kitasa inaachwa, na ile inayoleta usumbufu ndiyo inayoguswa. Kwa hiyo ukisikia analogi, usikimbilie kuwaza "homoni yenye nguvu zaidi." Swali la kujiuliza ni hili: homoni ya asili ilikuwa na tatizo gani, na marekebisho haya yanatatua lipi?

Tatizo la oksitosini: imeumbwa ipotee

Homoni nyingi za peptidi hazikuumbwa zikae. Ni ujumbe. Ukishafika, unafutwa ili ujumbe mwingine uweze kuja. Oksitosini ikiingia kwenye damu, kiasi chake kinapungua kwa nusu ndani ya dakika chache tu. Wakati wa ujauzito mwili unakuwa hata na kimeng'enya maalumu cha kuikatakata, na kondo la nyuma ndilo linalokitengeneza kwa wingi.

Huko ni mwilini. Kwenye chupa kuna tatizo la pili. Oksitosini ya sindano imeyeyushwa kwenye maji, na ndani ya maji, joto linapopanda, molekuli zinaanza kuharibika. Daraja la salfa linafunguka, molekuli zinashikana zenyewe kwa zenyewe, na sehemu nyingine za mnyororo zinaliwa na maji taratibu. Ndiyo maana inatakiwa itunzwe kwenye nyuzi joto 2 hadi 8, yaani kwenye friji, tangu inapotoka kiwandani hadi inapoingia kwenye bomba la sindano.

Sasa piga hesabu ya safari hiyo. Bandarini, bohari ya taifa, bohari ya kanda, wilaya, halafu boda boda hadi zahanati. Pakiti ikikaa juani mahali pamoja tu, au friji ya zahanati ikizimika mwishoni mwa wiki, dawa inaanza kupungua nguvu. Na kibaya zaidi, huwezi kuona. Chupa nyingi za chanjo zina alama inayobadilika rangi zikipata joto. Kichupa cha oksitosini kwa kawaida hakina. Iliyoharibika na iliyo nzima zote ni majimaji meupe kama maji ya kunywa.

Uchunguzi wa ubora uliofanyika katika nchi mbalimbali za Afrika na Asia umekuta mara kwa mara oksitosini yenye dawa pungufu kuliko ilivyoandikwa kwenye pakiti. Mkunga anachoma sindano kwa wakati, kwa kipimo sahihi, anafuata mwongozo mstari kwa mstari, na mji wa mimba bado umelegea. Atawaza nini? Atadhani mama huyu mwili wake ni mgumu kusikia dawa. Kumbe dawa iliishia njiani.

Wanakemia walibadilisha nini

Analogi inayotuhusu inaitwa kabetosini. Imejulikana kwa miongo mingi na ilianza kutumika hospitali za Kanada miaka ya 1990, zaidi kwa akina mama wanaojifungua kwa upasuaji. Ukiiweka karibu na oksitosini utaona marekebisho matatu.

La kwanza, kundi la amino lililokuwa kichwani mwa mnyororo limeondolewa. Hapo ndipo vimeng'enya vya mwilini vilipokuwa vinapata pa kung'ata.

La pili, kwenye lile daraja la salfa mbili, salfa moja imetolewa na nafasi yake ikachukuliwa na kaboni. Daraja la salfa na salfa linafunguka kwa urahisi. La kaboni na salfa halifunguki hivyo. Pete inabaki pete.

La tatu, shanga ya pili imeongezewa kikundi kidogo cha methili, yaani kaboni moja na haidrojeni tatu.

Basi. Molekuli bado inaingia kwenye kitasa cha oksitosini, lakini mwilini inachukua kama dakika 40 kupungua kwa nusu. Sindano moja ya mikrogramu 100 inaweza kuufanya mji wa mimba uendelee kujikaza kwa saa moja hadi mbili.

Umeona kitu? Hapo tumezungumzia kudumu mwilini. Kudumu kwenye chupa ni suala jingine, na ni muhimu tusiyachanganye. Kabetosini ya mwanzo nayo ilikuwa inatunzwa kwenye friji! Molekuli yake ilikuwa imara zaidi, lakini majimaji yaliyoibeba hayakuwa yameandaliwa kwa ajili ya joto. Baadaye ndipo watengenezaji waliporekebisha majimaji hayo: wakadhibiti kiwango cha asidi na kuongeza kitu cha kuzuia kuoza kwa oksijeni. Toleo hilo jipya linakaa angalau miaka 3 kwenye nyuzi joto 30 na unyevu wa asilimia 75. Nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 75, mtu wa Tanga au Mombasa anaijua hali hiyo bila kuelezwa.

Je, inafanya kazi kweli?

Kukaa vizuri kabatini ni jambo moja, kuzuia damu ni jingine. Shirika la Afya Duniani liliongoza jaribio kubwa lililopewa jina CHAMPION, na matokeo yakatoka mwaka 2018. Walishiriki wanawake 29,645 waliojifungua kwa njia ya kawaida, katika hospitali 23 za nchi 10, Kenya na Uganda zikiwemo. Nusu walipewa kabetosini inayovumilia joto, nusu oksitosini. Si mama wala mkunga aliyejua kichupa kina kipi.

Waliopoteza damu nusu lita au zaidi, au waliohitaji dawa ya ziada, walikuwa asilimia 14.5 upande wa kabetosini na 14.4 upande wa oksitosini. Waliopoteza lita moja au zaidi walikuwa asilimia 1.51 na 1.45.

Tuwe wakweli kuhusu namba hizi. Jaribio halikuuliza kama kabetosini ni bora. Liliuliza kama si duni kuliko oksitosini kwa kiasi cha kutia wasiwasi, na watafiti waliweka mpaka wa wasiwasi huo kabla ya kuanza. Kwa kipimo cha kwanza, kabetosini ilibaki ndani ya mpaka. Kwa kipimo cha pili, cha lita moja, viwango vilikaribiana sana lakini matukio yalikuwa machache, kwa hiyo kiwango cha kutokuwa na uhakika kikauvuka mpaka kidogo. Kitakwimu, hapo haikuthibitishwa. Ukisoma mahali kwamba "imethibitika kuwa sawa kwa kila kitu," ujue mwandishi amerukia.

Lakini kuna jambo ambalo kwangu ndilo zito zaidi. Ili asijulikane nani kapewa nini, dawa zote mbili zilitunzwa kwenye baridi, hata ile isiyohitaji. Na oksitosini iliyotumika ilikuwa ya ubora uliohakikishwa. Maana yake kabetosini ililinganishwa na oksitosini ikiwa katika hali yake bora kabisa. Kwenye zahanati ambayo friji yake ilizimika wiki iliyopita, mpinzani wake si huyo. Mpinzani wake ni kichupa ambacho hakuna anayejua kimebakiwa na nini.

Mwaka huohuo wa 2018, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani uliikubali kabetosini kwa kuzuia damu nyingi baada ya kujifungua, kwa sharti kwamba bei yake ilingane na dawa nyingine zinazofaa. Mwaka 2019 ikaingia kwenye orodha ya shirika hilo ya dawa muhimu.

Kudumu nako kuna gharama

Mpaka hapa unaweza kuuliza: basi si tuiache oksitosini kabisa? Hapana, na sababu inatoka kwenye marekebisho yaleyale.

Oksitosini ina kazi nyingine wodini: kuanzisha au kuongeza uchungu, ile inayoitwa dripu ya uchungu. Hapo inatiririshwa tone kwa tone huku mkunga akipima mwendo. Kila mji wa mimba unapojikaza, damu inayokwenda kwa mtoto inapungua kwa muda, na ukilegea mtoto anapata nafuu. Uchungu ukifuatana bila kupumzika, mtoto anaanza kukosa hewa, na mji wa mimba wenyewe unaweza kupasuka. Mkunga akiliona hilo, anafunga dripu. Na kwa sababu oksitosini inapotea ndani ya dakika chache, hali inaanza kutulia.

Kabetosini haina bomba la kufunga. Ukishaichoma, imeingia, na itafanya kazi mpaka imalize. Kwa hiyo ni marufuku kuitumia wakati mtoto bado yumo tumboni. Ni ya baada ya mtoto kutoka tu. Ndiyo maana pia mkunga anapapasa tumbo kwanza kabla ya kuchoma sindano, ahakikishe hakuna pacha aliyebaki ndani. Hatua hiyo inahusu dawa zote za aina hii, lakini kwa inayodumu, kosa ni gumu zaidi kulirudisha nyuma.

Matokeo yake, hospitali inayoanzisha uchungu itaendelea kuhitaji oksitosini na friji yake, na kwa mama ambaye tayari ameanza kutoka damu nyingi, oksitosini bado ina nafasi ya kwanza kwenye matibabu. Vilevile kuna misoprostoli, vidonge ambavyo navyo ni analogi, ila ya jamii nyingine ya vichocheo inayoitwa prostaglandini. Havihitaji friji wala sindano, na vinafaa pale ambapo hakuna mtu wa kuchoma. Gharama yake ni kwamba akina mama wengi hutetemeka na kupata homa. Kila moja ina nafasi yake.

Homoni ikikaa sana, mwili unaacha kusikiliza

Kuna mfano mmoja unaonyesha kwamba muda ni sehemu ya ujumbe wenyewe. Sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi hutoa homoni ya amino asidi 10, inayoiamrisha pituitari iyaamshe mayai ya mwanamke au korodani za mwanamume. Homoni hii inatoka kwa mapigo, kama mtu anayebisha hodi, anapumzika, anabisha tena, kila baada ya saa moja hadi mbili hivi.

Mwaka 1978 Ernst Knobil na wenzake walionyesha kwa nyani nchini Marekani kwamba ukiitoa homoni hii kwa mapigo, pituitari inaitika. Ukiitiririsha bila kukatika, pituitari inanyamaza. Homoni ni ileile. Kilichobadilika ni mapumziko.

Analogi zake zinazodumu hufanya kazi kwa njia hiyo. Wanakemia walibadilisha shanga ya sita wakaweka ya umbo lililogeuzwa, kama mkono wa kushoto mahali pa mkono wa kulia, vimeng'enya vikashindwa kuishika vizuri. Mgonjwa akianza dawa, homoni zake za uzazi zinapanda kwanza, halafu ndani ya wiki chache zinashuka kabisa, kwa sababu pituitari imechoka na hodi isiyokoma. Kwa hiyo kichocheo kimegeuka kizuizi! Dawa hizo zinatumika kwa saratani ya tezi dume, kwa endometriosisi, kwa watoto wanaobalehe mapema mno, na kwa wanawake wanaopandikizwa mimba, ili mayai yasitoke kabla ya wakati.

Tubaki na nini

Nadhani somo kubwa ni kwamba homoni haisemi tu "fanya hivi." Inasema pia "kwa muda huu." Ukigusa molekuli, unaweza kugusa vyote viwili, na dawa nzuri ni ile ambayo muda wake unalingana na kazi yake. Kwa uchungu tunataka ujumbe mfupi. Mtoto akishatoka, mrefu unafaa.

Tusidhani pia kwamba kichupa peke yake kinatosha. Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya jaribio la E-MOTIVE, lililofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania. Wakunga walitumia shuka la plastiki lenye alama za vipimo kukusanya na kupima damu, na ikizidi walitoa matibabu yote kwa pamoja bila kungoja moja lishindwe ndipo lianze jingine. Matukio mabaya, kama vile kupoteza lita moja ya damu au zaidi, yalipungua kwa asilimia 60. Hakuna molekuli mpya hapo. Ni kupima badala ya kukisia, na kuwahi.

Kwa hiyo dawa isiyoogopa joto inaziba tundu moja kati ya mengi, lile la safari kutoka bohari hadi zahanati. Lakini kwa mama aliyejifungua usiku, mbali na hospitali ya wilaya, kwenye kituo ambacho friji imezimika tangu asubuhi, tundu hilo moja linaweza kuwa ndilo lililobaki kati yake na kurudi nyumbani na mtoto wake.